Mwanasesere Asiye na Shingo

Kama uliwahi kujifungua katika kituo kile cha afya, basi ulipita mikononi mwa Mama Soksi, na kama si mikono yake, ni ya mtu aliyemfundisha yeye. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wauguzi na wakunga waliokuwa wakija kwenye mafunzo yake ya unyonyeshaji, kwa sababu vifaa vyake vyote vya kufundishia vilitokana na soksi. Matiti ya soksi, yenye chuchu ya kifungo kilichozungushiwa kitambaa. Watoto wa soksi, wenye macho ya uzi mweusi na midomo inayofunguka. Marehemu mumewe alizoea kulalamika kwamba nyumba hii ina soksi kuliko soko zima, na bado yeye anakwenda kazini mguu mmoja wa kijani na mwingine wa kahawia.

Vifaa vya dukani vilikuwepo, usidhani havikuwepo. Wanasesere wa plastiki wenye kila kitu mpaka kucha. Ila bajeti ya kituo haikuwahi kuwafikia, na yule mama hakuwa mtu wa kukaa mkono shavuni akisubiri bajeti. Alichukua sindano.

Mwanasesere aliyempenda kuliko wote ni yule wa kwanza kumshona. Kichwa alikijaza mchanga ili kiwe na uzito wa kichwa cha mtoto wa kweli. Shingo aliiacha tupu, kitambaa tu, na aliiacha hivyo kwa makusudi, ili mwanafunzi aelewe kwamba mtoto mchanga shingo haijakaza. Ukimwinua vibaya, kichwa kinaanguka nyuma, au kinalalia kifua, kama cha mtu aliyetoka kilabuni hajui njia ya kwao. Wanafunzi wakampa jina la Mlevi. Wote waliofuata walishonwa kwa mfano wake, na kila mafunzo yakianza ungesikia vicheko na mtu akisema, "Mshike Mlevi kichwa, anadondoka huyo." Mama Soksi naye alicheka. Alijivunia shingo ile.

Ukutani alibandika bango aliloliandika kwa mkono wake, la mambo ya kukumbuka unapomsaidia mzazi. Mojawapo lilisema: usimsukume mtoto kisogo. Alikuwa akilisoma kwa sauti na kulieleza. Mtoto akisukumwa kisogo anajipinda nyuma, anakunja ngumi, analia, na kidevu hakifiki kwenye ziwa. Mtoto anashikwa mabegani, kichwa kinaachwa huru, chenyewe kinajua njia. Kila mtu aliandika. Kisha kila mtu alichukua mwanasesere wake na kazi ikaanza.

Basi mkwewe akajifungua.

Huyu mkwe, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa msusi, binti mcheshi mwenye vidole vyepesi, na mama yake mzazi alikuwa amefariki tangu yeye yuko shule. Kwa hiyo alipoolewa hakupata mama mkwe, alipata mama, na alikuwa akisema hivyo mbele za watu bila haya. Wakati wa ujauzito wake wote aliwaambia wateja wake, "Mimi kunyonyesha sina wasiwasi nako. Nina mwalimu wa walimu ndani ya nyumba." Wateja walikubali. Nani angebisha?

Mtoto alikuwa wa kiume, mzima, mwenye sauti. Mama Soksi alimpokea kwa utani kama bibi anavyompokea mjukuu. "Karibu, mume wangu. Umechelewa, nimeshazeeka." Akamfuta, akamweka kifuani kwa mamake, akaweka mkono wake wa kazi pale anapouweka siku zote, akamsogeza kwenye ziwa.

Mume wake mdogo akajipinda mgongo na kupiga yowe.

"Amechoka," alisema Mama Soksi. "Tumwache kidogo."

Walimwacha kidogo. Walimwacha tena. Wakarudi nyumbani, na nyumbani ikawa vilevile. Kila alipoletwa kwenye ziwa alikunja ngumi, akatupa kichwa nyuma, akalia mpaka akawa mwekundu. Mara chache alizoshika, alishika ncha tu, akaumiza, akaachia. Chuchu za binti wa watu zikachanika. Maziwa yalikuwepo tele, tena yamejaa mpaka matiti yakawa magumu, ila hayakuwa na mtu wa kuyatoa. Alikuwa akiyakamua kwa mkono, machozi yanamtoka, wanamnywesha mtoto kwa kikombe kidogo, na mengi yanaishia shingoni.

Mama Soksi alijaribu yote aliyoyajua. Alimketisha mkwewe kitini, akamlaza ubavu, akamwekea mto, akauondoa mto. Aliangalia chini ya ulimi wa mtoto, ulimi haukuwa na shida. Na kila mara mkono wake wa kulia ulikuwepo, ule mkono uliowasaidia wazazi wasiohesabika, unamsogeza mtoto taratibu kwenye ziwa la mama yake. Taratibu kabisa. Alikuwa na mkono mwepesi, kila mtu alisema hivyo.

Daktari wa watoto wa kituoni, kijana mpole aliyewahi naye kukaa kwenye mafunzo ya Mama Soksi, alimweka mtoto kwenye mizani, akamwinua, akampima tena.

"Mama," akasema, na ilionekana anaona aibu kumwambia maneno hayo yeye, "uzito umeshuka kupita ule wa kawaida. Endeleeni na kikombe. Jumatatu mnirudishie. Kama haujapanda, nitamlaza, na tutamwanzishia maziwa ya kopo. Sina njia nyingine."

"Ni sawa, daktari," alisema Mama Soksi. "Ungesema vingine ningekushangaa."

Na alimaanisha. Maziwa ya kopo si sumu, na mtoto kwanza ashibe. Hilo alilifundisha kila siku na hakuwahi kumsimanga mzazi aliyelazimika. Kilichomuuma hakikuwa kopo. Ni uso wa mkwewe waliporudi nyumbani, uso wa mtu aliyeshaamua jambo na anasubiri nafasi ya kulisema.

Alilisema Ijumaa jioni. Mumewe, mwana wa Mama Soksi, alikuwa ameingia na mfuko ameuficha ndani ya koti, na anajulikana huyo bwana, kuficha kitu hakuwezi hata kidogo, koti lilikuwa limetuna kama ana mimba. Kopo la maziwa. Alimwangalia mama yake kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mama usikasirike. Nimenunua tu liwepo."

"Nikasirike kwa nini? Weka mezani. Chakula cha mjukuu wangu kinafichwa kwenye koti?"

Mkwe alikuwa kitandani, mtoto amelala pembeni kwa uchovu wa kulia. Alisema pole pole, bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Mama, tusihangaike tena. Jumatatu wamwanzishie tu. Wewe umefanya kila kitu. Si kosa lako, wala si la maziwa. Huyu mtoto amenikataa mimi."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Kwenye kikombe anakunywa. Kwako akibebwa anatulia. Kwangu akiletwa tu, analia. Labda ananijua kuwa mimi sijui umama, sikulelewa nao vya kutosha. Watoto wanajua."

Mwalimu wa walimu akainuka. Alitoka, akaenda jikoni, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Roho ilimuuma kuliko siku aliyomzika mumewe, kwa sababu mumewe alikuwa mzee na aliugua, lakini huyu alikuwa binti aliyemwamini akiwa mzima, na sasa anaondoka na fikra kwamba mwanawe hamtaki. Ukishaliweka hilo moyoni, nani atakuja kukutolea? Kopo lingemshibisha mtoto. Mama je?

Jumamosi asubuhi alikuwa na kazi moja tu ya kufanya, kufua wanasesere. Jumatatu, siku ileile ya mizani, kulikuwa na mafunzo mapya, na wageni hawakaribishwi na watoto wachafu. Aliwaweka wote kwenye beseni uani, Mlevi juu yao, akavuta kigoda. Mkwe alikuja akakaa barazani karibu naye, kikombe mkononi, akikamua. Kisha akaacha kidogo, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Huyo Mlevi naye anaogeshwa? Mwambie aache pombe kwanza."

"Huyu kashindikana," alisema Mama Soksi, akamgeuza kifudifudi ili amsugue.

Mkono wenye sabuni ukasimama.

Kisogo cha Mlevi kilikuwa cheusi. Si uchafu wa vumbi, bali ule weusi unaong'aa wa vidole vya watu, wa mafuta ya mikono, miaka na miaka, mpaka kitambaa kimelainika na uzi umeanza kutoka. Mabegani alikuwa mweupe kama siku aliyoshonwa. Akamchukua wa pili. Kisogo cheusi, mabega safi. Wa tatu vilevile. Aliwatoa wote kwenye beseni, akawapanga kifudifudi barazani, na wote walikuwa na doa lilelile mahali palepale, pana kama kiganja.

Kwanza alikasirika. Wanafunzi gani hawa, unawasomea bango, wanaandika, halafu wanashika wanapotaka? Akamwinua Mlevi kwa hasira amshike mabegani, kama bango linavyosema, aone kuna ugumu gani. Kichwa cha mchanga kikaanguka nyuma, puu, kama ndoo iliyokatika kamba. Na mkono wake wa kulia, bila kuombwa, ukaruka na kukidaka kisogoni.

Alikaa hivyo, maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Hakuna mtu angeweza kumshika yule mwanasesere kwa njia nyingine. Shingo aliyoishona yeye haikuruhusu. Mdomo wake ulikuwa ukisema mabega, na mwanasesere wake alikuwa akifundisha kisogo, na kati ya mdomo na mwanasesere, mikono ilimsikiliza mwanasesere. Mikono ya wanafunzi wote. Na nani aliyemshika Mlevi kuliko watu wote, kila mafunzo, mbele ya kila darasa, kwa miaka yote ile?

Akautazama mkono wake wa kulia kama mtu anayemtazama mgeni aliyekula kwake siku nyingi na leo ndiyo anamjua jina. Akakumbuka mkono ule ulivyokuwa kisogoni mwa mjukuu wake, taratibu, kwa upendo, unamsukuma. Na watoto wengine je? Wengi ni wavumilivu, walivumilia wakanyonya hivyohivyo. Huyu hakuwa mvumilivu. Alikuwa na msimamo kama babu yake.

"Mama?" Mkwe alikuwa anamtazama. "Unaumwa?"

"Hapana. Twende ndani. Niletee yule mume wangu, nataka kujaribu kitu."

Mkwe akashusha pumzi. "Mama, tulishasema..."

"Mara moja tu. Naomba."

Hakuwa mtu wa kuomba, na mkwe alilijua hilo, akainuka.

Mama Soksi alimwambia alale chali nusu, amejiegemeza kwenye mito, kama mtu anayepumzika baada ya chakula. Mtoto akawekwa kifuani kwa mamake, tumbo kwa tumbo, ngozi kwa ngozi. "Sasa mkono wako uweke hapa, mabegani na mgongoni. Shingo mshikie kwa chini tu, asiyumbe. Kichwa kiache."

"Kitadondoka."

"Hakidondoki. Huyu si Mlevi."

Mtoto akaanza kutikisa kichwa, kuguna, kutafuta. Mkono wa kulia wa Mama Soksi ukaanza safari yake ya kila siku, na mkwe akauona. Labda alichoka tu na mikono ya watu. Alichukua kikombe cha chai kilichokuwa mezani, cha mumewe, kimejaa mpaka juu, akampa mama mkwe wake. "Mama, hebu nishikie hiki."

Mama Soksi akakishika kwa mikono miwili. Kilikuwa cha moto. Asingeweza kukiachia mkono mmoja bila kujimwagia, na alishukuru.

Mtoto akainua kichwa, mwenyewe, na hilo halikuwa geni kwa mtu anayewajua watoto wachanga, lakini alilitazama kama hajawahi kuliona. Akakiangusha kwenye ziwa, akakosea. Akainua tena. Kidevu kikagusa ziwa kwanza, kichwa kikaenda nyuma kidogo, nyuma huko ambako mkono wa bibi ulikuwa ukimzuia siku zote, mdomo ukafunguka mpana kama wa kupiga miayo, na akashika. Si ncha. Alishika vizuri, shavu limejaa. Akanyonya haraka haraka, kisha taratibu, kisha ikasikika sauti ile, ya kumeza.

Mkwe alikuwa ameshikilia pumzi akisubiri maumivu, na maumivu hayakuja. Ngumi za mtoto zilifunguka, kidole kwa kidole. Mwanawe Mama Soksi alichungulia mlangoni akitafuta chai yake, akaona, akarudi alikotoka kwa ncha za vidole, na wakamsikia uani akipenga kamasi.

"Mama," alinong'ona mkwe, machozi yanaingia masikioni. "Asante. Mungu akuweke. Mikono yako hii, Mama."

Alitaka kumwambia palepale. Hakumwambia. Chai ikapoa mikononi.

Siku ile na iliyofuata mtoto alinyonya kana kwamba anadai. Jumatatu mizani ikasema habari njema, daktari akapiga meza kwa furaha na kumpa Mama Soksi mkono kwa mikono miwili. "Nilijua hutashindwa, Mama." Muuguzi wa mapokezi alimshukuru. Mfagizi alimshukuru, hata hajui kwa nini. Kila asante ilikuwa inamchoma. Walipokaa kwenye benchi la koridoni wakisubiri kadi, mkwe akamlalia bega.

"Unajua ninachofikiri, Mama? Nadhani amenisamehe."

"Kakusamehe nini?"

"Sijui. Chochote nilichomkosea mpaka akanikataa. Namshukuru Mungu kanisamehe."

Hapo Mama Soksi akainuka. "Njoo darasani," akasema. "Kaa nyuma usikie."

Chumba cha mafunzo kilikuwa kimejaa wauguzi wapya na wa zamani, chai ya saa nne imeshamiminwa, vikombe viko mezani. Mkwe akaketi kiti cha nyuma na mtoto wake. Mama Soksi hakuwasalimia kwa utani kama kawaida yake. Alimtoa Mlevi kwenye mfuko, hajafuliwa, akamgeuza kisogo mbele ya watu wote.

"Mnaona hiki cheusi? Ni vidole vyenu. Na vidole vya kwanza ni vyangu. Bango langu linasema msimsukume mtoto kisogo, halafu nikawashonea mtoto ambaye hashikiki pengine. Nimewafundisha vibaya kwa miaka. Nimewasukuma watoto wa watu kisogo huku nasoma bango kwa sauti. Na mjukuu wangu mwenyewe nilimsukuma hivyo mpaka akapungua uzito, na mama yake akaamini mtoto hamtaki." Akamlaza Mlevi mezani. "Mtoto hakuwa anamkataa mama yake. Alikuwa anaukataa mkono wangu. Nimetengeneza shingo mpya iliyojazwa pamba, leo tutamshona upya huyu, na kila mmoja wenu ataenda na mfano wake kwenye kituo chake. Lakini nilitaka hilo nilisemee mbele yenu, na mbele yake."

Muuguzi mmoja wa mbele alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe. Watu wote wakageuka nyuma.

Mkwe alikuwa amekaa wima. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayesikiliza jambo kwa lugha ambayo ameanza kuielewa sasa hivi.

"Kwa hiyo, Mama," akauliza, na alikuwa anauliza kweli, "siku zote zile alikuwa ananitaka?"

"Siku zote, mwanangu. Tangu saa ya kwanza. Mimi ndiye niliyekaa katikati yenu. Nisamehe."

Binti akainamisha uso kwa mtoto, mabega yakatikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka mpaka alipoinua kichwa, na ilikuwa yote mawili. "Ungeweza kunyamaza," alisema. "Ningekushukuru maisha yangu yote, na hili doa nikabaki nalo moyoni. Asante kwa kulitoa, Mama. Hii ndiyo asante yenyewe, ile ya juzi nairudisha."

Darasa likacheka, na wengine wakajifuta macho na kujifanya ni jasho. Kelele zikamwamsha mtoto. Akaguna, akaanza kutafuta. Na hapo, nakwambia, mikono ya chumba kizima ikanyanyuka kumwendea, mazoea ni kitu kibaya, wauguzi wote wale wameshainuka vitini kusaidia.

"Vikombe," alisema Mama Soksi.

Kila mmoja akashika kikombe chake kwa mikono miwili. Mkwe akajiegemeza, akamweka mwanawe kifuani, na wote wakatazama kichwa kidogo kikiinuka, kikiyumba, kikitafuta njia. Mama Soksi alikuwa amesimama mbele na chai yake, na alikuwa akishukuru kwa kila kitu, hata kwa moto wa kikombe. Mtoto alipata ziwa mwenyewe. Walipohakikisha anameza, wakaanza kunywa.